Umeme unakatika na kurudi nyumbani kwangu tu, majirani wanao. Nianzie wapi?

mama_pacha

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa ya mafundi umeme.

Kwa wiki kadhaa sasa umeme hapa nyumbani unakatika na kurudi wenyewe. Mara unapotea na kurudi kabla hujasema kitu, mara tunakaa gizani robo saa. Mwanzoni nilidhani umekatika mtaa mzima, lakini nikichungulia dirishani naona kwa majirani taa zinawaka. Upepo ukivuma ndiyo unazidi.

Kuna jambo linanitisha kuliko giza lenyewe. Nikiwasha birika la umeme jikoni, taa ya koridoni inafifia kama inataka kuzima, na papo hapo taa ya chumbani kwa mama inazidi kung'aa. Nimesimama mlangoni pale ambapo naziona zote mbili, nikamwambia mwanangu awashe na kuzima birika, na kila akiwasha ni vilevile. Birika likizimwa, taa zinarudi sawa. Friji nayo, umeme ukirudi, inagonga "tak", inanguruma kidogo, inanyamaza, halafu inagonga tena. Breka zote ziko juu, hakuna iliyojishusha.

Mama yangu ninaishi naye, anatumia insulini, na inakaa kwenye friji hiyohiyo. Watoto wanasoma usiku. Mume wangu anasema tununue jenereta, kaka yangu anasema inveta na betri, na muuzaji mmoja ameniambia stabilaiza itamaliza kila kitu. Fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

fundi_mkongwe

Dada, usinunue chochote kwanza. Na kabla hujaendelea kusoma, nenda kazime swichi kuu, halafu chomoa friji, televisheni na chaja zote. Kama kisanduku cha breka kina joto au kinanuka plastiki inayoungua, usikiguse. Toeni watu nje mpige simu ya dharura.

Sasa nikueleze kwa nini nina haraka hivyo. Taa moja kufifia huku nyingine ikizidi mwanga, kwa sababu ya kifaa kimoja tu kilichowashwa, ni dalili ya nyutro iliyolegea. Toka nje uangalie bila kugusa kitu: nyaya zinazotoka nguzoni kuja kwako ni ngapi? Nina hakika utaniambia nne, au waya mmoja mnene wenye nyaya nne zilizosokotwa. Maana yake una fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, na nyutro moja.

Nyutro ndiyo njia ya kurudia ya fezi zote tatu. Ikishika vizuri, kila fezi inabaki na volti zake 230 hata kama mojawapo imebeba birika, pasi na jiko kwa pamoja. Ikilegea, mkondo wa birika unakosa njia yake, unatafuta njia kupitia vifaa vilivyo kwenye fezi nyingine. Na kati ya fezi na fezi hakuna volti 230, kuna 400. Hizo 400 birika lako na taa ya mama wanagawana. Birika linapitisha mkondo kwa urahisi, kwa hiyo linabaki na sehemu ndogo, na zinazobaki zote zinasukumiwa kwenye taa. Taa ya koridoni iko fezi moja na birika, ndiyo maana inafifia nalo. Ulivyosimama pale mlangoni ukaziangalia zote mbili umefanya kipimo kizuri kabisa.

Leo nyutro imelegea tu. Siku ikikatika moja kwa moja, vifaa vilivyo kwenye fezi yenye mzigo mdogo vinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Televisheni, chaja, friji, vyote vinakwenda ndani ya muda mfupi sana, na chaja ikiungua juu ya kitanda au pazia, moto unaanzia hapo. Upepo unaingia katika habari hii kwa sababu moja: waya wa nguzoni ukiyumba, kiungio kinashika na kuachia.

Breka haziwezi kukusaidia hapa. Breka inashuka mkondo ukizidi kiwango chake au kukitokea shoti. Haipimi volti, na haioni waya uliolegea. Stabilaiza ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa kupokea volti 400, itaungua yenyewe. Ukiweka inveta leo, utakuwa umeunganisha kifaa kipya kwenye hatari ileile.

Piga simu ya dharura ya shirika linalowapa umeme. Ukisema "umeme unakatika" watakuweka kwenye foleni na wengine wote. Sema hivi: "Taa za upande mmoja zinafifia na za upande mwingine zinazidi mwanga, nahofia nyutro imekatika." Maneno hayo fundi wa zamu anayaelewa mara moja. Na usimruhusu mtu apande nguzo kwa urafiki, hata kama ni fundi. Kuanzia nguzoni mpaka kwenye mita ni kazi ya shirika.

Swali moja: kuna mtu aliyesisimkwa mkono akishika bomba la maji, mlango wa friji au mashine ya kufulia?

mama_pacha

Nimezima swichi kuu. Nyaya ni nne, zimesokotana. Na ndiyo, binti yangu alisema wiki iliyopita kwamba bomba la jikoni "linamchomachoma". Nilidhani ni mikono yenye maji tu. Nimepiga simu nikasema kama ulivyoniambia, wamesema wanakuja. Insulini ya mama je? Sijui watachukua muda gani.

fundi_mkongwe

Umefanya vema. Hilo la bomba lisemee tena wakifika. Kwenye nyumba ambazo ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, imeunganishwa na nyutro pale umeme unapoingia, nyutro ikipotea nje, umeme unaweza kupanda kwenye vyuma vyote vilivyofungwa ethi, na bomba likiwemo. Watoto wasiguse bomba wala friji wakiwa peku mpaka kipimwe. Swichi kuu ikizimwa haitoshi kwa hilo, kwa sababu waya wa ethi haukatwi na swichi.

Insulini namwachia mwenye taaluma.

muuguzi_wa_zamu

Dada, tulia kuhusu insulini ya leo usiku. Mimi ni muuguzi.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi huhimili kukaa nje ya friji, chini ya nyuzi 30, kwa takriban wiki 4. Baadhi ni chini ya hapo na baadhi ni zaidi, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi la mama, usikisie. Saa chache za friji kuzimwa haziharibu kitu.

Friji ukiiacha imefungwa hushika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhimili kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Kila ukifungua mlango "kuangalia kama bado iko baridi" unapoteza kile unachokilinda. Toa dawa za kesho asubuhi mara moja, weka sehemu yenye kivuli, funga mlango.

Ninachokiogopa zaidi kwa wagonjwa wangu ni kuganda, kuliko hata joto. Umeme ukikatika mtu anashtuka, anaitia insulini kwenye friza au anailaza juu ya barafu. Insulini iliyoganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ukitumia barafu, funga dawa kwa taulo kwanza, pakiti ya barafu isiguse chupa wala kalamu ya sindano. Na ukiona insulini ambayo kawaida ni maji meupe safi imekuwa na ukungu au chembechembe, usimchome mama, hata kama tarehe ya mwisho bado. Kuna aina ambazo kwa asili yake ni za ukungu, mama anazijua zake.

Kwa siku zijazo nunua kipimajoto kidogo cha friji, kikae rafu moja na dawa. Kitakwambia ukweli umeme ukirudi, badala ya kukisia kwa mkono. Na jaza chupa za plastiki maji, si mpaka juu kabisa, zigandishe kwenye nafasi zilizo wazi za friza. Friza tupu hupoteza ubaridi upesi.

Kama ungekuwa mbali na umeme kwa muda mrefu, vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine na mchanga uliolowa katikati, hupoza vizuri kwa maji yanayovukiza. Kazi hiyo hufanyika palipo na hewa kavu. Kwenye unyevunyevu mwingi tofauti ni ndogo.

jirani_mwema

Mimi naona mnamzungusha dada wa watu. Jenereta ndogo inatosha. Mimi yangu naiweka veranda ya nyuma isinyeshewe, natumia waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja jenereta, upande wa pili soketi yoyote ya ukutani. Nyumba nzima inawaka. Miaka yote hiyo salama.

fundi_mkongwe

Ndugu yangu jirani_mwema, nakuomba leo hii uukate waya huo vipande viwili. Nakuomba kwa moyo wote, najua nia yako ni kusaidia.

Plagi ya upande wa pili ikichomoka, vile vyuma vyake vina volti 230 vikiwa wazi sakafuni, na mtoto ndiye mwenye kupenda kuokota. Hilo la kwanza. La pili halionekani kabisa: umeme wa jenereta yako, kama hukukumbuka kushusha swichi kuu, unatoka kwenye nyumba yako kurudi nguzoni. Transfoma haijui kwamba umeme umetoka upande usio wake. Inafanya kazi kinyumenyume, volti zako 230 inazipandisha kuwa maelfu kwenye laini kubwa. Kule juu kuna mtu anatengeneza waya akiamini umezimwa. Nimefanya kazi na watu wanaopanda nguzo, na kitu hicho ndicho wanachokiogopa kuliko radi.

Jenereta inaunganishwa kwa swichi ya kubadilishia tu, ile ambayo ikiwa upande wa jenereta haiwezi kabisa kuwa upande wa laini. Ama uchomeke kifaa chenyewe moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nene.

muuguzi_wa_zamu

Na mimi niongeze kuhusu veranda. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ule moshi unaounusa ni kitu kingine kinachotoka pamoja nayo, na jenereta inayowaka vizuri inaweza isinuke sana. Gesi hiyo inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua kawaida huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kichefuchefu, uchovu, na aliyelala haamki. Tunawapokea wakiwa familia nzima, kwa sababu walilala nyumba moja.

Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha na milango. Veranda yenye ukuta pande mbili au tatu ni ndani, hata kama haina mlango. Kufungua dirisha hakutoshi. Jiko la mkaa nalo ni vivyo hivyo, lisiingizwe ndani baada ya kupikia eti lipashe chumba joto. Mvua ikinyesha, jenereta ijengewe kibanda chake hukohuko mbali.

jirani_mwema

Nimewasoma wote wawili. Waya nimeutoa. Jenereta itahama. Asanteni kwa kunieleza.

mama_pacha

Wakuu, narudi na majibu.

Walikuja usiku uleule. Kijana wa zamu aliniambia niwashe swichi kuu, akapima kwenye mita kabla hajagusa kitu, nami nilimshikia tochi: fezi moja ilikuwa na volti 180, nyingine 270 na ushee, na zilikuwa zinahama huku tukiziangalia. Akapanda nguzo. Aliposhuka alinionyesha kishikio alichokitoa. Upande mmoja waya wa aluminiamu, upande mwingine shaba, katikati unga mweupe, na sehemu ya skrubu ilikuwa nyeusi, chuma kimelika kama kimetafunwa. Nilipokishika kilikuwa bado kina joto.

Ameweka kishikio kipya, akapima tena, zote tatu zikawa 230 na kitu. Alipima pia bomba la jikoni, hakuna tena umeme. Tangu siku hiyo taa ya mama na ya koridoni ziko sawa, birika liwashwe lisiwashwe. Fundi_mkongwe, Mungu akubariki. Mama mwenyewe amesema nikusalimie.

Ila kuna kingine kimebaki. Mvua ikinyesha, umeme wa nyumba nzima unakatika, na sasa ile swichi yenye kitufe ndiyo inayoshuka. Nikiipandisha inashuka tena papo hapo. Mvua ikikatika kwa saa kadhaa, inapanda vizuri. Ni ugonjwa uleule?

fundi_mkongwe

Nimefurahi sana dada, na salamu za mama nimezipokea, mwambie shikamoo.

Aluminiamu na shaba zikigusana moja kwa moja halafu unyevu ukaingia, aluminiamu inaliwa. Ndiyo maana kuna vishikio maalumu vya kuziunganisha. Na kiungio kikishalegea kinajiangamiza chenyewe. Ukinzani mdogo tu, tuseme omu 0.1, ukipitishwa ampea 20, ni wati 40 za joto kwenye skrubu moja. Joto linalegeza skrubu, kulegea kunaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Kwa hiyo nakuomba jambo moja: mwite fundi wa nyumba akaze skrubu zote ndani ya kisanduku cha breka, swichi kuu ikiwa imezimwa na amepima kuhakikisha. Hasa upau wa nyutro. Nyutro yako imepitia mengi, kilichokuwa kinapata joto nguzoni huenda kimepata joto na ndani. Aangalie waya ambao plastiki yake imekuwa ya kahawia au imekakamaa.

Hili la mvua ni tofauti kabisa, na ni habari njema kwamba inashuka. Hiyo swichi yenye kitufe mafundi wanaiita RCD. Inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika kiwango chake, kwa nyumba nyingi miliampea 30, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa sababu tofauti hiyo imepita mahali pasipostahili: kwenye maji, kwenye ukuta, au kwenye mwili wa mtu. Kwako inapita kwenye maji.

Mvua ikinyesha tena fanya hivi. Shusha breka ndogo zote, kisha pandisha RCD. Ikikaa, pandisha breka moja moja, ukisubiri kidogo kati ya moja na nyingine. Ile itakayoiangusha RCD ndiyo yenye kidonda. Iache chini, pandisha zilizobaki, nyumba nzima itakuwa na umeme isipokuwa sehemu hiyo. Ikigoma kupanda hata breka ndogo zote zikiwa chini, basi huenda ni nyutro inayogusa ethi, na hapo breka haiitengi, fundi anahitajika na kipimo chake. Mimi, kwa uzoefu, ningeweka macho kwenye taa za nje, soketi ya nje na pampu ya maji kabla ya kitu kingine.

Kuna mafundi watakwambia "tutoe hiyo RCD, inasumbua". Akisema hivyo mlipe nauli yake aondoke.

betri_na_waya

Dada mama_pacha, sasa kwa kuwa nyutro imepona, ndiyo wakati wa kuzungumza akiba ya umeme, maana kukatika kwa mtaa mzima kutaendelea kuwepo. Mimi nafunga betri na sola, lakini nitakuambia kile ningemwambia dada yangu.

Anza kwa kuandika unachotaka kiwake gizani. Taa nne za LED za wati 9 ni wati 36. Ruta ya intaneti kama wati 10. Simu mbili zikichajiwa kama wati 20. Feni ndogo wati 40. Jumla inakaribia wati 100. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi. Kama ni ya risasi na asidi, ukitaka idumu usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo ni 600, na inveta nayo inakula kidogo, unabaki kama na 500. Hizo ni saa 5 za mzigo wako. Ya lithiamu na fosfati ya chuma (LiFePO4) unaweza kuitumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza, kwa hiyo ukubwa uleule unakupa saa 8 hivi. Bei yake ni juu zaidi, lakini inachajiwa na kutumika mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Birika, pasi na hita usiviweke kwenye hesabu hiyo kabisa. Birika la wati 2,000 lingeimaliza betri ya risasi na asidi kabla hujapata maji mengi ya moto, na inveta ndogo ingezima yenyewe.

Friji ni habari ya kati. Ikiwa inazunguka inatumia kama wati 100 hadi 150, ila kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Inveta isipokuwa na nguvu ya kuhimili mvuto huo, friji itagonga "tak" na kunyamaza. Kwa mahitaji ya mama, kwa maelezo ya muuguzi hapo juu, friji iliyofungwa inahimili kukatika kwa saa 4 bila betri yoyote. Kwa hiyo kama fedha ni ya kitu kimoja, chukua mfumo mdogo wa taa, ruta na simu, mfumo mkubwa wa kubeba friji uje baadaye.

Kile ambacho ningekishauri kabla hata ya betri ni kilinda volti chenye kuchelewesha, kifungwe kwenye kisanduku au kwenye plagi ya friji. Kinakata volti zikishuka mno au kupanda mno, na umeme ukirudi kinasubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuruhusu. Friji ikizimwa ghafla, gesi ndani ya kompresa bado ina shinikizo kubwa upande mmoja. Ikilazimishwa kuanza papo hapo, mota inashindwa kuzunguka, inapata joto, kinga yake ya ndani inakata: hiyo ndiyo milio ya "tak" uliyoisikia. Ukisubiri dakika chache shinikizo linalingana na inaanza bila tabu. Ukikosa kifaa hicho, chomoa friji umeme ukikatika, uirudishe kwa mkono baada ya muda huo.

Betri ya asidi isikae chumbani kwa mama wala ndani ya kabati lililofungwa. Ikichajiwa inatoa hidrojeni, nayo inashika moto kwa cheche ndogo. Na kuwe na fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Waya wa betri ukipiga shoti, mkondo wake unayeyusha spana.

mama_pacha

Asanteni sana. Jana mvua ilinyesha, nikafanya ya breka moja moja. Ni ile ya taa za nje, fundi_mkongwe umepatia. Nimeiacha chini na nyumba nzima imebaki na umeme usiku kucha, mvua ikinyesha. Asubuhi fundi wa nyumba alifungua taa iliyo juu ya geti, maji yakamwagika kutoka ndani ya kioo chake, na kishikilia balbu kimejaa kutu ya kijani. Amekaza pia skrubu za kisanduku. Upau wa nyutro ulikuwa na skrubu mbili zinazozunguka kwa vidole, na waya mmoja umekuwa wa kahawia karibu urefu wa kidole, ameukata mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa.

Kilinda volti cha friji nimeshanunua. Kipimajoto pia, kinasoma nyuzi 5 rafu ya katikati, na insulini nimeihamishia hapo, mwanzoni ilikuwa nyuma kabisa karibu na ukuta unaotoa barafu. Betri ndogo ya taa na ruta itafuata, jenereta tumeiacha.

Maswali mawili ya mwisho: ile RCD nitajuaje bado ni nzima? Na taa ya geti ninunue ya namna gani?

fundi_mkongwe

RCD ina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze, lazima ishuke papo hapo. Wengi wanaelekeza kila baada ya miezi 3 au 6, mimi nakushauri kila mwezi, kwa sababu ikikaa muda mrefu bila kusogea inaweza kunata. Ukibonyeza isishuke, ibadilishwe siku hiyohiyo. Kabla ya kubonyeza waambie watoto wafunge kompyuta, na ukishaipandisha subiri kilinda volti kiiruhusu friji, usihangaike nayo.

Taa, angalia namba ya IP kwenye boksi, inaonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. IP20 ni ya ndani tu. IP44 inahimili matone, inafaa chini ya paa. Juu ya geti, ambako hakuna paa, chukua IP65, na waya uingie kwa chini ya taa, pale kwenye raba yake, usiingie kwa juu.